Juma moja tu katika Mto Tay: nichague mwezi gani kwa samoni na trauti?

MshipiMfupi ameuliza:

Ndugu wavuvi, nawasalimu nyote. Nimevua kwa mshipi tangu utotoni, lakini uvuvi wangu wote umekuwa wa ziwani, ambako mtu huamka, akautazama upepo, akatia chambo na kwenda zake. Suala la kujiuliza kama mwezi huu samaki wapo au hawapo halijawahi kunikosesha usingizi. Sasa mfanyakazi mwenzangu, ambaye kila mwaka huenda Uskoti kuvua samoni katika Mto Tay, amenialika tufuatane, na ameniachia nichague juma moja kati ya matatu: juma la mwisho la Aprili, juma la kwanza la Julai, au juma la mwisho la Septemba. Yeye mwenyewe hana upande, kwa kuwa anasema kila juma lina samaki wake. Jibu hilo limenivuruga badala ya kunisaidia.

Nimejaribu kusoma, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kupotea. Naambiwa kwamba msimu wa samoni katika Tay hufunguliwa tarehe 15 Januari na kufungwa tarehe 15 Oktoba, nami nikadhani kwamba kwa miezi yote hiyo tisa samaki wamejaa mtoni. Kisha nikasoma kwamba mtu aweza kuvua siku sita mfululizo, katikati ya msimu huohuo, asiguswe mshipi hata mara moja. Naambiwa tena kwamba samoni akishaingia mtoni hali kitu chochote mpaka atage. Ikiwa hali, ndoana anaifuata kwa sababu gani? Na trauti, ambaye yumo katika mto huohuo, anafuata kalenda hiyohiyo au ana yake?

Sitafuti samaki wa kupigia picha. Ninachotaka ni juma ambalo mgeni kama mimi atapata nafasi ya haki, na kuelewa kwa nini ni hilo na si jingine.

MzeeWaKilindi amejibu:

Ndugu MshipiMfupi, mwenzako amekwambia kweli, ila amekukatia maneno. Tarehe za kufungua na kufunga msimu zinaeleza ni lini sheria inakuruhusu kutia ndoana majini, basi. Ukitaka kujua samaki yuko wapi, itakubidi uufuate mwendo wake tangu anapozaliwa.

Samoni wa Atlantiki huzaliwa ndani ya changarawe, juu kabisa kwenye vijito, na hukaa mtoni miaka miwili au mitatu akiwa kidagaa chenye madoa ambacho mgeni hukidhania trauti mchanga. Kisha, Aprili na Mei ya mwaka wake, hugeuka rangi ya fedha na kuteremka baharini, akaenda mbali sana kaskazini, wengine hadi pwani ya Greenland, ambako hula na kunenepa. Wanaokaa baharini kipupwe kimoja tu hurudi wakiwa na kilo mbili au tatu, na wavuvi wa huko huwaita grilsi. Hao huanza kuingia kwa wingi kuanzia Juni na Julai. Wanaokaa vipupwe viwili au zaidi hurudi wakiwa wakubwa, na baadhi yao huingia mapema mno, tangu Januari hadi Mei. Halafu liko kundi la mwisho wa kiangazi na mwanzo wa majira ya kupukutika. Wote, aliyeingia Februari na aliyeingia Septemba, watataga katika majira yaleyale, kati ya mwisho wa Oktoba na Desemba. Kwa hiyo aliyetangulia atakaa mtoni miezi tisa akiishi kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini.

Hapo ndipo utakapoona kwa nini mto uliojaa samaki waweza kukunyima. Samoni aliyefika juzi ni mwepesi, ana hamaki, na huruka. Utamjua kwa kumgeuza taratibu ndani ya maji: ubavu wake unang'aa kama bati jipya, magamba yanabanduka kwa kuguswa tu, na nyuma, karibu na mkia, hukuta chawa wa baharini wamemganda, wengine bado wakiburuta nyuzi mbili ndefu nyeupe za mayai yao. Chawa hao hawadumu siku nyingi katika maji baridi yasiyo na chumvi, kwa hiyo ukiwaona ujue samaki huyo amepita mlango wa mto juzijuzi. Aliyekaa mtoni miezi mitatu ni habari nyingine. Amelala chini ya kilindi kilekile, ameona kila aina ya chambo kikipita juu ya kichwa chake, na ameingia rangi ya shaba iliyochakaa.

Ama kuhusu swali lako la kwa nini anakamata ndoana ilhali hali, nitakujibu kama mvuvi, maana waliosoma wana maelezo zaidi ya moja. Wengine husema ni kumbukumbu ya mawindo ya baharini, wengine husema ni ukali wa mwenye nyumba anayefukuza kitu kigeni mlangoni pake. Mimi naona ni yote mawili, na ndiyo sababu samaki mpya hukamata upesi kuliko mkongwe: kumbukumbu ya bahari bado iko mbichi.

Sasa maji. Kabla ya kuuliza mwezi, jifunze kuuliza mambo mawili: joto la mto na kina chake. Maji yakiwa chini ya nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, samoni huwa mzito, hapendi kupanda maporomoko, na hukaa chini kabisa. Itakubidi mshipi unaozama na chambo kinachopita polepole mbele ya pua yake. Maji yakishavuka nyuzi 10, atapanda hadi karibu na uso wa maji kukifuata chambo kidogo cha manyoya kwenye mshipi unaoelea. Mvuvi mmoja, A. H. E. Wood, aliyevua Mto Dee wa hukohuko Uskoti mwanzoni mwa karne iliyopita, alijijengea jina kwa njia hiyo, akiupaka mshipi wake mafuta usizame. Maji yakikaribia nyuzi 20, acha kabisa. Maji ya nyuzi 10 yaliyoshiba hewa hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 20 hubeba kama 9. Samaki aliyepigana na mshipi wako katika maji hayo ya moto ataondoka mkononi mwako akiwa hai na afe saa moja baadaye, mahali ambapo humwoni.

Kina cha maji kina nguvu kuliko kalenda. Julai moja tulivua siku nne mto ukiwa umekauka hata mawe ya katikati yakavaa utelezi wa kijani na kukauka juani. Tuliwaona samaki kwa macho, wamejipanga chini ya daraja kama kuni, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa. Usiku wa Alhamisi mvua ikanyesha milimani. Asubuhi mto ulikuwa umepanda hadi gotini juu ya mahali tulipokuwa tukisimama, rangi yake chai ya rangi, umebeba majani na vitonge vya povu, na mwenyeji wetu akatukataza kabisa kutia mshipi. Alichomeka kijiti ukingoni, kwenye mstari wa maji, akaketi kunywa chai. Saa nane mchana kijiti kikaonyesha upana wa vidole viwili vya udongo mbichi chini ya alama. Akasimama, akasema neno moja: "Sasa." Kabla ya magharibi tulikuwa tumeshika samaki watatu na kupoteza wawili, mahali palepale palipotunyima siku nne. Mto unapopanda samaki husafiri. Unapoanza kushuka na kusafika husimama kupumzika, na hapo ndipo anapokamata.

Kwa hayo yote, mimi ningekuambia uende Septemba. Ni majira ambayo mvua huanza kurudi, joto la maji huwa zuri, na mto una samaki wa kila kundi. Na usisahau kwamba samoni mkubwa kuliko wote waliowahi kuvuliwa kwa fimbo nchini Uingereza alitoka katika Tay hiyohiyo, karibu na kijiji cha Caputh, tarehe 7 Oktoba 1922. Aliyemvua ni Georgina Ballantine, na samaki huyo alikuwa na ratili 64, yaani kilo 29.

Bi_Changarawe amejibu:

Shikamoo Mzee. Naheshimu kijiti chako na ninakubaliana na kila neno ulilosema kuhusu maji, lakini samaki mmoja wa zaidi ya miaka mia moja iliyopita si sababu ya mtu kukata tiketi ya ndege. Nitarudi huko. Kwanza acha nimjibu ndugu yetu kuhusu trauti, kwa kuwa umempita kana kwamba hayumo mtoni.

Trauti wa kahawia ana kalenda yake. Katika Uskoti nzima anaruhusiwa kuvuliwa kuanzia tarehe 15 Machi hadi tarehe 6 Oktoba, na sababu ya kufungwa ni ileile, kwamba naye hutaga katika changarawe majira ya baridi yanapoanza. Lakini tofauti yake na samoni ni kubwa: trauti ni mkaazi. Anaishi mtoni, anakula mtoni kila siku, na ukijua anakula nini saa ngapi umeshamaliza nusu ya kazi. Wako wenzake wa asili moja wanaokwenda baharini na kurudi wakiwa weupe kama samoni; ni samaki yuleyule kwa jina la kisayansi, ila sheria inawaweka pamoja na samoni, kwa hiyo usije ukamshika mmoja ukasema "huyu ni trauti tu".

Mwishoni mwa Aprili trauti wa Tay ametoka katika njaa ya kipupwe na mto unaanza kumlisha. Wadudu waliokuwa chini ya mawe kwa muda wa mwaka mzima huibuka kwa pamoja, kwa kawaida katika saa zenye vuguvugu, kati ya saa sita na saa tisa mchana, na kuelea juu ya maji mbawa zikiwa zimesimama wima kama tanga za ngalawa. Kwa saa nzima huwezi kuona kitu, mto umekaa kimya. Mara unaona duara moja dogo kwenye maji, kisha la pili, kisha kumi, na tanga moja moja zinapotea. Huo ndio wakati wa kumwekea trauti mdudu wa manyoya anayefanana na hao, juu ya maji, hatua moja mbele ya duara lake. Hudumu dakika arobaini au saa moja, halafu mlango umefungwa. Aliyekuwa anakula mkate wake garini ameukosa.

Julai mambo hugeuka. Mchana ni mkali, maji ni machache na meupe, na trauti mwenye akili hajitokezi mpaka jua lishuke. Huko kaskazini mwanga wa jioni ya Julai hukawia hadi karibu saa tano usiku, na saa mbili hizo za mwisho ndizo za kuvua, mchana lala. Wale wa baharini niliowataja huvuliwa gizani kabisa, na nakushauri usijaribu bila mwenyeji, maana kutembea ndani ya mto usiouona ni jambo la kukuzamisha.

Nikuongezee jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia nilipoanza, nalo likanigharimu samaki wengi. Trauti akiinuka kuchukua mdudu juu ya maji, inua fimbo papo hapo, kwa wepesi, kwa sababu akigundua udanganyifu hutema haraka. Samoni ukimfanyia hivyo umempoteza. Yeye hukamata na kugeuka kwenda chini, na ni kule kugeuka kwake ndiko kunakoikaza ndoana pembeni mwa mdomo. Nilipompata samoni wangu wa kwanza nilihisi mguso, mkono wa trauti ukajibu wenyewe, na ndoana ikanirudia usoni ikiwa na gamba moja limebaki nchani. Sasa nikivua samoni huushika mshipi kwa ulegevu, nikihisi uzito nahesabu kimoyomoyo mpaka mshipi unyooke wenyewe, ndipo ninapoinua. Mtu atakayevua samaki wote wawili katika juma moja ajizoeze kuwa na mikono miwili tofauti.

Kwa hiyo chaguo langu ni Aprili. Utakuwa na trauti wa adhuhuri, na asubuhi na jioni utakuwa na nafasi ya samoni wa majira ya kuchipua, ambao ni wachache, nakiri, lakini kila mmoja ni mpya kutoka baharini.

FimboMbili amejibu:

Nawashukuru waliotangulia. Nimevua Tay, na Tweed pia, mto wa samoni ulioko kusini mwa Uskoti, kwa miaka kadhaa, na nina jambo la kumkumbusha Mzee kwa heshima zote: Septemba ya zamani si Septemba ya leo. Katika Tweed, ambako msimu huendelea hadi tarehe 30 Novemba kwa sababu ya sifa ya samaki wake wa mwisho wa mwaka, kundi hilo la mwisho lilipungua ghafla baada ya mwaka 2013, na watu waliokuwa wakilipia Oktoba miaka mitatu mbele sasa wanaulizia majuma ya Julai. Kwa Uskoti nzima, samoni waliovuliwa kwa fimbo mwaka 2010 walizidi 100,000. Mwaka 2023 walikuwa takriban 32,000, idadi ndogo kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1952. Desemba ya mwaka huohuo, orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ilimhamisha samoni wa Atlantiki kutoka kundi la wasiotia wasiwasi hadi kundi la walio karibu na hatari, na wale wa Uingereza wakawekwa kabisa kundi la walio hatarini. Simwambii mtu asivue. Ninachosema ni kwamba ushauri wa msimu uliotegemea kumbukumbu za miaka ishirini iliyopita upimwe upya.

Juma la mwisho la Septemba lina jambo jingine. Samaki wengi utakaowagusa watakuwa wamekwisha kuvaa mavazi ya harusi: madume mekundu yenye taya la chini lililopinda kama kulabu, na majike meusi, tumbo limejaa mayai zaidi ya elfu moja kwa kila kilo ya uzito wao. Hao hawafai kutolewa majini, na mtu mwenye moyo hatafurahia sana kuwasumbua wiki chache kabla ya kutaga. Ukimpata, mwache ndani ya maji, lowesha mikono kabla ya kumgusa, chomoa ndoana ambayo umekwisha kuibana kijino chake kwa koleo, na umshike akiielekea mikondo mpaka mkia wenyewe ukutoke mkononi. Usimsukume mbele na nyuma kama wafanyavyo wengine. Maji lazima yaingie mdomoni na kutokea kwenye matamvua.

Kuhusu sheria, maana hakuna aliyezigusa. Uskoti haina leseni moja ya taifa ya kuvulia, na wageni wengi hudhani kwa hiyo mto ni wa yeyote. Haki ya kuvua samoni ni mali ya mtu, kama shamba, na kuvua bila idhini ya maandishi ya mwenye haki ni kosa la jinai. Kibali cha trauti hakikufungulii samoni. Samoni yeyote aliyevuliwa kabla ya tarehe 1 Aprili ni lazima arudishwe majini, na baada ya tarehe hiyo kila mto una daraja lake, la kwanza hadi la tatu, linalopangwa upya kila mwaka kwa kadiri ya hali ya samaki wake. Katika mto wa daraja la tatu hakuna anayeruhusiwa kumbakiza samoni hata mmoja, mwaka mzima. Hata pale sheria inaporuhusu, wenye mito wengi wana masharti makali zaidi, kwa hiyo uliza. Na samaki wa fimbo hauzwi, awe mmoja au kumi. Katazo hilo lipo tangu mwaka 2002.

Jumapili samoni hawavuliwi kabisa, ni sheria. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliuziwa na nyumba moja ya wageni kibali kilichoandikwa "siku saba", na Jumapili asubuhi nilikuwa nimekwisha kuingia majini hadi kiunoni nilipoitwa kutoka ukingoni na mzee aliyevaa nguo za kanisani. Alinieleza kwa upole kuliko nilivyostahili. Fedha ya siku hiyo sikurudishiwa.

Kama utachagua Julai na mwaka wako ni wa namba witiri, kuna uwezekano wa kumkuta samoni wa waridi, mdogo, mwenye madoa makubwa ya umbo la yai mkiani. Huyo si wa hapo. Asili yake ni Pasifiki, na Wasovieti waliwapandikiza wenzake katika mito ya kaskazini-magharibi mwa Urusi kuanzia miaka ya 1950. Maisha yake ni miaka miwili kamili na hufa akishataga, ndiyo maana huonekana mwaka mmoja na kuupita mwingine. Mwaka 2017 waliingia mito mingi ya Uskoti kwa mara ya kwanza kwa idadi ya kushangaza. Ukimpata, hushauriwi kumrudisha. Muulize mwenyeji wako mahali pa kutoa taarifa.

Na vifaa ulivyovulia nchi nyingine vikaushe kabisa, viatu, wavu na mshipi, kabla hujafika. Yuko kimelea mdogo wa ngozi ya samaki aliyeangamiza samoni katika mito kadhaa ya Norwei tangu miaka ya 1970, na Uskoti haijampata mpaka leo.

MshipiMfupi ameandika tena:

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Nimejifunza kwa siku moja kuliko kwa mwezi wa kusoma peke yangu. Hata hivyo bado niko njia panda. Mzee ananipeleka Septemba, Bi Changarawe Aprili, na FimboMbili amenitia hofu ya Septemba bila kunipa mbadala. Je, Aprili si baridi kiasi cha kumfanya samoni alale chini kama Mzee alivyoeleza? Na mimi sijawahi kurusha mshipi unaozama.

MzeeWaKilindi amejibu:

Marahaba, mwanangu. FimboMbili amenisahihisha na sina budi kukubali. Takwimu za Tweed ninazijua, ila mtu aliyewahi kuiona Septemba nzuri haachi kuisubiri.

Kuhusu baridi, mwishoni mwa Aprili maji ya Tay mara nyingi huwa yanapanda kutoka nyuzi 6 kuelekea 10. Theluji ya milimani ikiyeyuka kwa wingi juma hilo, mto utabaki baridi na wewe utavua chini; siku ikipata jua na upepo wa kusini, jioni waweza kumpata samoni juu. Kurusha mshipi unaozama kusikutishe. Mrusho wa huko, ule unaouzungusha mshipi mbele yako juu ya maji bila kuupeleka nyuma, ulipata jina lake kutoka Mto Spey, na ulibuniwa kwa ajili ya kingo zenye miti mgongoni pa mvuvi. Mwenyeji akikushika kiwiko nusu saa, utarusha mbali ya kutosha. Mvuvi mgeni huwakosa samaki wengi kwa kurusha mbali kupita kiasi kuliko kwa kurusha karibu, maana samoni wa maji yaliyojaa hupita kando ya ukingo, hatua tatu kutoka kwenye viatu vyako.

Bi_Changarawe amejibu:

Mzee amenirahisishia. Nami nikiri upande wangu: ukienda Aprili na hujali trauti, uwezekano wa kuondoka bila samoni ni mkubwa kuliko Julai wenye mvua. Lakini Julai bila mvua ni kuketi ukingoni na kusimuliana. Kiangazi cha mwaka 2018 mito ya huko ilikauka hivyohivyo, na waliokuwa wamelipia majuma yao walirudi makwao wamevua jua. Aprili ina faida kwamba hata samoni wakikataa, trauti wa adhuhuri huwa hana sababu ya kukataa, kwa kuwa yeye ana njaa.

Siku mto ukiwa mchafu kupita kiasi, panda hadi Pitlochry, kwenye Mto Tummel unaoingia Tay. Pembeni mwa bwawa la umeme kuna ngazi ya samaki yenye madimbwi 34, inayomwezesha samoni kulipita bwawa. Mwishoni mwa Aprili waweza kubahatika kumwona mmoja akipanda. Utakaporudi mtoni utakuwa na picha kichwani ya unachokitafuta chini ya maji yale ya rangi ya chai.

MshipiMfupi ameandika tena:

Basi nimeamua Aprili, na mwenzangu nimekwisha kumwarifu. Ameniuliza kama nina fimbo ya trauti pia, nikamjibu kwamba ninayo ya ziwani, akacheka akasema ataniazima yake. Je, kuna kitu kidogo ambacho wageni husahau kubeba?

MzeeWaKilindi amejibu:

Kipimajoto. Kifunge kwenye uzi wa urefu wa mikono miwili, kiache majini kivulini kwa muda wa kuvaa viatu vyako, ukisome kabla ya kuchagua mshipi. Kisome tena saa sita mchana. Ikiwa kimepanda nyuzi mbili tangu asubuhi, weka fimbo ya samoni chini, chukua ile ya kuazima, uketi uyatazame maji.